Majibu ya Mkufunzi

Hakuna kitu kilichowahi kunikasirisha kama swali lenye majibu manne ambayo yote ni kweli. Mama amejifungua sasa hivi, damu inamtoka nyingi, utafanya nini kwanza? A, uite msaada. B, umkande tumbo ili kizazi kijikaze. C, umpime presha. D, umtundikie dripu. Jamani, hayo yote nilishayafanya nikiwa mafunzoni kwenye zahanati moja kule Ugalla, na mama akapona. Hakuna aliyenisimamisha aniulize nilianza na lipi.

Lakini mtihani wa leseni unauliza hilo hilo, na mimi nilikuwa nimeshaufeli mara moja. Bila leseni huajiriwi, hata uwe na cheti cha chuo. Unabaki huku mtaani Makanyagio unakaanga vitumbua mbele ya nyumba, majirani wanakuita nesi, na hujui kama wanakuheshimu au wanakucheka. Baba alishasema nikifeli tena nirudi nyumbani tukalime mpunga.

Ndiyo maana binti mmoja aliposhuka na treni kutoka Tabora, akafikia kwa shangazi yake jirani yangu, nilimng'ang'ania. Naye alisomea unesi, naye alikuwa anajiandaa, na alikuja na bunda la maswali ambayo majibu yake yalikuwa yamezungushiwa duara kwa kalamu. Ni ya mkufunzi, alisema. Mkufunzi gani, wa chuo gani, hakujua. Ilikuwa kopi ya kopi, herufi nyingine zimefifia kabisa.

Swali la mama anayetoka damu lilizungushiwa C. Presha! Nilibishana na ile karatasi kama mwendawazimu. Damu inachuruzika sakafuni, wewe unatafuta mashine ya presha? Binti akanituliza, mkufunzi hawezi kukosea, tukariri tu. Basi wiki mbili nzima, kila asubuhi, nilikaa kwenye baraza ya shangazi yake nikikilazimisha kichwa kukana kile mikono yangu inachokijua. Nilikuwa na hasira mpaka vitumbua vinaungua.

Tulipofika ukurasa wa kumi na moja, mwandiko ulibadilika. Ulikuwa wangu. Pembeni ya swali moja nilikuwa nimeandika: hapa tumuulize mkufunzi.

Mwaka jana tulikuwa watano tukijisomea pamoja, kalamu tukiishika kwa zamu. Swali likitushinda tulinyoosha mikono. Wengi wape, tunazungusha duara, tunaendelea. Mkufunzi hatukumuuliza hata siku moja. Mwenzetu mmoja alitoa kopi akawapelekea ndugu zake Tabora kabla ya mtihani, na huko yale maneno yangu ya pembeni yakageuka kuwa ushahidi kwamba mkufunzi alishaulizwa na kujibu. Hata lile swali la presha nililikumbuka sasa. Watatu kwa wawili, na mkono wa tatu ulikuwa wangu, kwa sababu mkubwa wetu alishanyoosha wake na sikutaka kuonekana sijui.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Niliona aibu. Nikamwonyesha binti ule mwandiko, nikamwambia karatasi ni yetu watano, nikaandika maneno yale yale pembeni ya daftari langu ili aone mwenyewe.

Aliangalia huku, akaangalia kule.

"Sasa nyie mliyajuaje?"

"Tulipiga kura."

Alizipanga karatasi, akazipanga tena. Halafu akanieleza jambo ambalo hata shangazi yake hakulijua. Mtihani huo hakuwa anaufanya kwa mara ya kwanza. Aliufanya mwaka jana, siku ile ile niliyoufanya mimi, akiwa ameyakariri majibu yale yote bila kuacha hata moja. Alipofeli aliamini alijichanganya mwenyewe ndani ya chumba cha mtihani, na kwamba kazi ya unesi haikuwa ya akili zake. Kwao aliwaambia matokeo bado hayajatoka.

"Dada," alisema, "mwaka mzima najua tatizo ni mimi."