Mitetea wa Kando ya Mtaro

Watu walimwita Mama Kuku, na wala si kwa kebehi. Ukimtaka asubuhi, mfuate bandani, ndoo mkononi, anagombana na majogoo utadhani wakwe zake. Kuku wote wale walitokana na mtetea mmoja aliyepewa na mama yake siku ya kuolewa. Mama alishazikwa, mume alishajiendea zake. Ukoo wa yule mtetea ndio uliobaki.

Mvua zilipokolea, kuku wakaanza kuzubaa. Vilemba vikapauka, kinyesi kikawa cha kijani. Mama Kuku akasema ni kideri, na nani wa kumbishia, mtu kafuga miaka thelathini! Akachagua mitetea saba wazima, akawahamishia kibanda cha nyuma, kando ya mtaro, mbali na wagonjwa. Waliobaki akawachinja wote, akawafukia, ili wale saba wapone.

Jirani yake, fundi cherehani, akachungulia. "Shoga, huko mtaroni si ndiko kwenye mbu?"

"Mbu na kuku wapi na wapi! Hebu kashone."

Wiki mbili hazikuisha, wanne wakafa. Hapo ndipo alipokubali kumwita daktari wa mifugo. Daktari akatoa damu chini ya bawa, akaenda kuipima, akarudi kesho yake.

"Mama, hiki si kideri. Ni malaria ya kuku. Watu haiwapati, ila kuku inawamaliza. Inaletwa na mbu."

"Kuku nao?"

"Kuku nao."

"Makubwa! Basi tuwanunulie neti," fundi akasema. Hakuna aliyecheka.

Daktari akatazama banda la mbele, tupu. "Wale wengine wako wapi?"

"Niliwachinja."

"Wote? Aa, mama. Wengine huwa wanapona."

Akaacha dawa, lakini maji yalishazidi unga. Wawili wakafa siku ileile. Wa mwisho alikufa kesho yake mchana kweupe, mapajani mwa Mama Kuku, mdomo wazi, anahema.

Fundi akamshika bega. "Pole, shoga. Ni kazi ya Mungu."

"Usimsingizie Mungu! Wazima nimewapeleka kwa mbu kwa mikono yangu. Wagonjwa nimewakata shingo. Mama aliniachia kitu kimoja tu duniani, na nimekimaliza mimi, nikijiona najua."

Fundi akaenda kuleta jembe.