Unga Uliobaki Langoni

Tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho chuoni ilihusu jinsi serikali tajiri zinavyotoa fedha za kuinua nchi zilizotoka vitani. Ilijaa michoro. Mshale ulitoka hazina ya serikali, ukapita wizarani, ukavuka mpaka, ukaishia kwenye kisanduku nilichokiandika "walengwa". Msimamizi wangu aliipenda michoro ile. Mimi nilikaa wiki nzima nikijiuliza kama mishale haikuwa minene kupita kiasi.

Miaka miwili baadaye, nikiwa nimechoka kutoa nakala za vyeti vya kuombea kazi, wakala mmoja wa Nairobi alinipeleka Riyadh. Mkataba ulisema karani. Nilipofika nilipewa sare ya mlinzi na kitanda katika chumba cha watu wanane, mtaa wa Al-Murabba. Sikulalamika, niliogopa kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, angechelewesha ikama yangu, kibali cha kuishi huko. Nikawekwa kwenye kiti cha plastiki katika ujia wa ofisi moja ya serikali, na kwa bahati ambayo hadi leo siielewi, ilikuwa ofisi ya kuidhinisha misaada ya kwenda nje. Unga, mablanketi, mahema, jenereta za hospitali, vyote vilipita mbele yangu vikiwa karatasi.

Pale ndipo nilipoona kile ambacho mishale yangu haikuonyesha. Fedha za serikali hazitembei zenyewe. Hubebwa ndani ya faili, na faili hubebwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi, kwa sababu mhudumu wa chai alikuwa na goti bovu. Siku moja faili la mahema lilirudishwa kutoka ghorofa ya juu. Muhuri ulikuwa umeipanda sahihi, wino ukafunika herufi za mwisho. Nikalishusha, likakaa juu ya kabati karibu na birika kwa wiki kadhaa, na kila nilipopita niliwafikiria watu waliokuwa wakilala nje. Somo nililishika kwa mikono miwili: muhuri usiguse sahihi.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Jeddah, kwenye ghala kubwa la misaada upande wa kusini. Tulilala mtaa wa Al-Mahjar. Kazi yangu ilikuwa langoni. Lori likitaka kutoka, nasoma kibali, nalinganisha namba ya lori, natazama tarehe ya mwisho, naandika saa, nafungua. Kila awamu ya safari ilitengewa fungu lake na serikali, na fungu lilikuwa na muda. Lori lisipotoka kabla ya muda kuisha, halas, kibali kimekufa, na karatasi zinarudi Riyadh kuanza upya. Zinarudi kwenye ujia ule, kwenye kabati lile, karibu na birika lile.

Dereva niliyemzoea zaidi alikuwa mtu wa Machakos, mzee wa kanisa huko kwao, mwenye miaka kumi na miwili kwenye barabara za huku. Aliniita Profesa. Alipeleka unga kusini, hadi yadi moja ya kushushia mizigo ng'ambo ya mpaka, katika nchi jirani ambako bunduki zilikuwa zimenyamaza miezi michache tu. Huko alifahamiana na mwoka mikate. Tanuri la mtu yule lilikuwa limesalimika. Kilichokosekana ni unga. Msaada ulipofika, mji mdogo mzima ulikula kutoka kwenye tanuri hilo.

"Nimemwambia mfungo ukianza tu, nitakuwa njiani na mzigo," aliniambia tukinywa chai kibandani. "Nimempa neno langu, Profesa. Usiniaibishe na karatasi zako."

"Karatasi si zangu."

"Ukizishika hivyo, mtu atadhani umezizaa wewe."

Alifika langoni saa kumi jioni, siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, akiwa na lori la mwisho la awamu ile. Kibali kilisema lori litoke kabla ya Shaabani kuisha. Namba ya lori ilikuwa sawa. Jina lilikuwa sawa. Kisha nikaona muhuri. Ulikuwa umeegemea sahihi ya bosi wetu wa ghala, duara lake likikata mkia wa jina.

Nilimpigia bosi simu, ilikuwa imezimwa. Siku ile kila mtu alikuwa sokoni akinunua vya mfungo.

"Ngoja nimpate bosi," nikamwambia dereva. "Labda itabidi aandike kingine."

"Kuna nini?"

Nikamwonyesha. Aliinama, akaangalia, akavua miwani, akaangalia tena.

"Profesa, huo ni muhuri."

"Umegusa sahihi."

"Na wewe umegusa karatasi. Hata mimi nimeigusa. Fungua lango."

Nilimweleza habari ya faili la mahema. Nilimweleza kwa utaratibu, kwa sauti ya chini, jinsi mpakani wangeweza kumrudisha, jinsi safari nzima ingeharibika. Halafu nikamwonyesha kalenda ya ukutani, zawadi ya duka la matairi. Shaabani ilikuwa na siku thelathini. "Tuna kesho nzima," nikasema. "Asubuhi bosi atakuwa hapa."

"Umekaa nchi hii muda gani?"

"Mwaka na nusu."

"Basi sikiliza. Mimi ni Mkristo kama wewe, lakini nina macho. Hapa mwezi hausomwi ukutani. Jioni hii wanautafuta juu. Ukiandama leo, Shaabani imeisha jua likizama, wala si kesho. Hiyo kesho yako itakuwa Ramadhani."

Nilijua jambo hilo. Ndilo linaloniuma. Nyumbani majirani zetu walikuwa Waislamu, na kila mwaka tuliwasikia wakiulizana kama mwezi umeandama. Lakini nilikuwa nimeona thelathini zilizochapwa, na kitu kilichochapwa mimi hukiamini kuliko anga. Nikapiga simu tena. Nikapiga mara ya tatu, ya nne. Nikafikiria kulifungua lango, nikaona nitakavyoulizwa kwa nini nililifungua. Nikafikiria kulifunga, nikaona nitakavyoulizwa kwa nini nililifunga. Dereva alikaa kwenye ngazi ya lori akila machungwa. Hakunisukuma tena. Nadhani alitegemea kwamba mtu aliyesoma, akiachwa atulie, hatimaye ataona.

Saa moja jioni jua lilizama. Muda mfupi baadaye wapakiaji kwenye uwanja wa ghala walianza kupongezana, wakishikana mikono, mmoja akiwa ameinua simu juu. Mwezi umeonekana.

Nilishika kalamu. "Naandika saa kumi na mbili," nikasema. "Ulitoka saa kumi na mbili."

Dereva akanyanyua kidole kuelekea kamera iliyokuwa juu ya lango. "Na hiyo utaiandikia nini? Isitoshe, mimi ni mzee wa kanisa. Usinitie kwenye uongo." Akapanda lori, akalirudisha nyuma polepole, akaliegesha kando ya kibanda changu.

Kesho yake bosi alikuja saa nne. Nikampa kibali na maelezo yangu yote. Aliigeuza ile karatasi huku na huku.

"Muhuri una nini?"

"Riyadh walirudisha faili kwa sababu ya hili."

"Ile ya Riyadh ilikuwa karatasi ya kuomba pesa," akasema, bila hasira. "Hii ni ya kufungua lango. Mpakani wanasoma namba na tarehe, basi. Muhuri mafi mushkila, hauna shida." Akaingia ofisini kuandika barua ya kuomba fungu upya.

Unga ukashushwa, ukarudi ghalani. Mfungo mzima niliupita kila asubuhi nikikagua milango, magunia yamepangwa hadi juu, yakinuka ngano kwenye joto. Dereva alipewa kazi ya kusambaza maji mjini. Kila alipotoka alipunga mkono, "Profesa!", vilevile kama zamani, na ningependa kama angenitukana.

Kibali kipya kilifika katikati ya Shawwal, mwezi unaofuata mfungo. Nilikifungua mbele yake. Muhuri ulikuwa umeketi juu ya sahihi kabisa, karibu nusu ya jina haikusomeka. Tulitazamana. Nikaandika saa, nikafungua lango.

Alirudi baada ya siku sita, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilitaka kumsubiri anywe chai kwanza, lakini sikuweza.

"Mwoka mikate yupo?"

"Yupo. Tanuri limewaka."

"Mfungo wote walikula nini?"

"Hakuniambia, na mimi sikumuuliza." Akapuliza chai yake. "Aliniuliza kama nilikuwa mgonjwa, kwa vile nilichelewa hivyo. Nikamwambia ndiyo, nilikuwa mgonjwa."