Zizi Lililojaa la Changamwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fimbo ndefu yenye kitanzi cha kamba, nikaambiwa nikamtoe ng'ombe aliyeingia makaburini Likoni. Nilikwenda nayo. Ng'ombe akanitazama mara moja, akaendelea kula. Mnyapara, yaani msimamizi wetu, akaja nyuma yangu akicheka. Akamnyooshea mnyama kiganja chenye pumba, naye akamfuata mpaka nje bila kuguswa.

"Hiyo fimbo ni ya mbwa," akaniambia. "Huyu muonyeshe chakula tu."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya zizi la mji. Vijana wa leo hamkuliona, kwa hivyo nieleze. Lilikuwa boma ambamo mnyama yeyote aliyeokotwa akizurura alizuiliwa mpaka mwenyewe aje kumchukua. Kwa Likoni ya wakati ule kazi haikuwa nzito. Wenyeji walijuana, na mbuzi wa fulani alijulikana hata kwa mlio. Aliyeletwa asubuhi, jioni alikuwa kwao.

Kwetu Kisauni mama hakuipenda kazi hiyo. "Utatutilia najisi ndani, mwanangu," alisema. Lakini hakunikataza. Aliniwekea ndoo ya maji na kanzu kuukuu nje ya mlango, nikawa naoga na kubadili nguo kabla ya kuingia. Baada ya muda akaanza kuniuliza habari za wanyama kabla ya kuniuliza habari zangu.

Kisha nikahamishiwa Changamwe, na huko ndiko nilikojua maana ya kazi.

Changamwe ilikuwa inakua mbele ya macho yetu. Viwanda vilifunguliwa, malori yalipita mchana kutwa, na watu wa bara walishuka na familia zao kutafuta kibarua. Wengine walikuja na mbwa na kuku, wengine waliiacha mifugo yao njiani. Zizi lilikuwa lile lile dogo la zamani: ua mmoja wa magogo, hori moja la chakula na pipa moja la maji. Punda aliyevunjwa mguu na lori alilala ubavuni mwa mbuzi mwenye mimba. Mbwa walifungwa pembeni kwa minyororo, wakibweka mpaka wenzao wakashindwa kula.

Mkubwa wetu alikuwa Daktari wa Mifugo, Mzungu wa makamo aliyejifunza Kiswahili Lamu, akakisema kwa adabu kuliko wengi wetu. Kila alipokuja alisema neno moja: karantini. Maana yake ni kumtenga mnyama anayeshukiwa maradhi, asiwaambukize wengine.

"Nimewaomba wakubwa chumba kimoja tu cha kutengea," aliniambia. "Wananiambia nisubiri."

Tukasubiri. Siku moja akaletwa mbwa wa manjano aliyemuuma mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani. Sheria ilitaka atazamwe, ijulikane kama ana kichaa cha mbwa. Pa kumtenga hapakuwapo, basi tukamfunga kwenye gogo la pembeni, mbali kadiri ua ulivyoruhusu. Mchana ule ule mbwa akaanza kutokwa na mate na kuuma mnyororo. Alijivuta kwa nguvu, gogo likang'oka, na kabla hatujamfikia alikuwa amemng'ata shingoni punda mwingine, mzima.

Punda yule alikuwa Chuma, wa Bi Mwanaisha, mjane aliyeuza maji kwa nyumba za wafanyakazi. Alikuwa amekata kamba asubuhi, akaokotwa karibu na reli.

Mbwa akafa na kichaa chake. Daktari akampima Chuma, akavua kofia, akakaa juu ya ndoo. Punda aliyeng'atwa hakuweza kurudi kwa watu, na pa kumweka peke yake tumtazame hapakuwapo. Ilibidi auawe. Akafanya kazi hiyo mwenyewe, wala hakumtuma mtu.

Bi Mwanaisha alifika alasiri, kamba mpya mkononi.

"Hodi jamani. Nimeambiwa Chuma yuko kwenu."

"Karibu, Bi Mwanaisha. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huniangalii?"

Nikamwita Daktari. Daktari akatoka, akamweleza yote, hakuficha kitu. Bi Mwanaisha akaketi chini palepale mchangani.

"Alikuwa mzima," akasema. "Alipotea tu. Kupotea ndiko kufa?"

Daktari akamjibu kwa upole, "Maneno hayo, mama, utakubali kuyasema mbele ya wakubwa?"

Akakubali. Nilimsindikiza mpaka kwenye mkutano wa baraza la mji. Mjumbe mmoja, mtu wa bara aliyewasemea wafanyakazi, akasimama kupinga, na sikumlaumu.

"Watu wangu wanalala kwa kubanana," alisema. "Nikiwaambia tunajenga nyumba ya mbwa, watanielewaje?"

Bi Mwanaisha akajitengeneza buibui, akasimama.

"Usemalo ni kweli, baba. Hata kwangu kunavuja. Lakini hao watu wako maji walikuwa wakiletewa na nani? Na yule mbwa alianza kumuuma nani, si mtoto wao? Wallahi, msijenge kwa ajili ya mbwa. Jengeni kwa ajili yetu sisi, na mbwa nao watapata."

Yule mjumbe akauliza, "Mtoto anaendeleaje?" Nikajibu kuwa amepata sindano zote na anacheza. Akashusha pumzi. "Basi mimi siwezi kulikataa hili," akasema.

Haikuwa kazi ya siku mbili. Kiwanja kilipatikana mbali na matangi ya mafuta, na jengo likakamilika karibu na wakati wa uhuru. Lilikuwa na vyumba vya kutengea, kivuli, maji ya mfereji na mahali pa kutibia. Wazungu waliokuwa wakirudi kwao walituletea mbwa wao, baadhi wakilia. Wafanyakazi wa viwandani wakaja kuwachukua wawe walinzi. Punda jike mmoja hakupata mwenyewe kabisa. Daktari, kabla ya kuondoka nchini, akaagiza apewe Bi Mwanaisha.

Nilifanya kazi hapo mpaka nikastaafu. Siku hizi naishi Mishomoroni, na kutoka hapa mpaka Mtopanga nyumba zimeshikana. Juzi niliona mbwa amelala barabarani, kiuno kimevunjika, watu wanamzunguka. Walikuwa na huruma. Mmoja alimletea maji, mwingine akavua shati kumfunika jua. Kisha wakaanza kuulizana wampeleke wapi.

Wakaniuliza mimi, kwa kuwa ni mzee. Nilijua mahali pamoja tu, pale Changamwe, napo palifungwa siku nyingi.