Kielelezo Hakiliwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo mmoja na jogoo mmoja. Kituo chetu cha polisi kilikuwa kidogo, upande wa Port Victoria, na Mkuu wa Kituo alikuwa na sauti ya kuamsha wafu. "Kuruta, wewe ni wa stoo ya vielelezo. Kielelezo ni kitu chochote tulichoshika kwa sababu ya kesi. Hakipotei, hakiharibiki. Kikipotea, na kazi yako imekwenda."

Stoo yenyewe, wajukuu zangu! Kulikuwa na kengele ya kanisa, mlango wa choo, na gunia la viatu vya mguu wa kushoto tu. Mwizi wake aliiba vile vinavyoanikwa nje ya duka, akashikwa aliporudi kuulizia vya kulia. Ndiyo maana nawaambia, ukiona kitu kimeachwa nje bila mlinzi, jiulize kwanza mwenzake yuko wapi.

Mwenye kesi ya jogoo alikuwa seli, kijana anaitwa Ouma. Kwetu, mwanamume akitoka kwa baba yake kuanzisha dala, yaani boma lake mwenyewe, hutoka alfajiri na mke, mtoto wa kwanza, shoka, moto na jogoo. Akishatoka, harudi kulala kwa baba. Asubuhi hiyo askari walimkuta Ouma akichimba mashimo ya nguzo za nyumba, wakamchukua yeye na jogoo, kwa kuwa jirani, Mzee Were, alisema ameibiwa jogoo huyo.

Mke wa Ouma alikuja na mtoto mgongoni, akashika nondo za dirisha la stoo. "Afande, hiyo jogoo ikikufa, sisi hatuna dala. Kule tumetoka, huku hatujaingia. Nitalaza mtoto wapi?"

Nikamwambia jogoo hafi, kana kwamba mimi ndiye niliyemuumba.

Kabla ya saa sita, gari la Bwana Mkubwa kutoka Kisumu likaingia kwa ukaguzi, bila taarifa. Mkuu wetu akaanza kutoka jasho. Mgeni kama huyo halishwi omena, dagaa wetu wa ziwani, anachinjiwa kuku, na siku hiyo haikuwa ya soko. Mara nikamwona mpishi wa kituo akija na kisu.

"Fungua, kuruta. Mkuu amesema."

"Huyu ni kielelezo."

"Kielelezo gani iko na mapaja hivyo? Tutaweka ingine jioni. Kuku ni kuku."

Nyuma yake Mkuu mwenyewe akatokea. "Fungua! Hiyo ni amri."

Mama yangu alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe ni askari, na mimi hata chakula cha mchana cha serikali sijaonja. Nikaingia stoo, nikajifungia kwa ndani, nikamkumbatia jogoo kifuani. "Afande, ulisema hakipotei!"

Mkuu akapiga mlango teke. Jogoo akapiga kelele, mke wa Ouma akapiga nduru, na Bwana Mkubwa akatoka ofisini mbio kuona nani anauawa. Nilimweleza kupitia dirishani. Akamgeukia Mkuu.

"Ulitaka kunilisha dala ya mtu?"

Mpishi akaficha kisu nyuma ya mgongo.

Nilidhani tumepona. Lakini Mzee Were akaitwa, na Bwana Mkubwa akamtaka ataje alama ya kuku wake. "Kuku wangu wote nawakata ncha ya kidole cha nyuma, mguu wa kushoto." Nikamgeuza jogoo. Kidole kilikuwa kimekatwa.

Mke wa Ouma akakaa chini mchangani. Ouma, kutoka seli, akasema polepole, "Yangu ilikufa jana, Mzee. Na watu walikuwa wameshafika kunisindikiza. Niliogopa."

Yawa! Nilikuwa nimemwokoa jogoo ili aje amfunge mtu. Nilitamani ningemwacha mpishi afanye kazi yake, na wazo hilo likanitia aibu.

Mzee Were akanyoosha mikono kumpokea jogoo wake. Kisha akasita, akamwangalia yule mama. "Aliwika?"

"Nini, Mzee?"

"Asubuhi, huko kwenu. Kabla askari hawajafika. Aliwika ama hakuwika?"

Mama alimtuliza mtoto kwanza. "Aliwika, Mzee. Moto ulikuwa ndiyo umeshika."

Mzee Were akatema mate chini. "Basi simtaki! Ameshawika kwa mtu, nikimrudisha nimebomoa dala ya watu. Ouma, we ni mwizi! Umeniibia jogoo, ukaniibia na njia ya kumdai. Vifaranga wake wa kwanza ni wangu, umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Kesi ikafia hapo. Bwana Mkubwa alikula omena, akaomba aongezwe.

Mkuu hakunisamehe, nilihamishwa upesi. Nikazunguka vituo vya ziwani, nikakaa mtaa wa Kaloleni, Kisumu, nikastaafu nikiwa sajini katika nyumba ya kupanga mtaa wa Migosi. Nimelinda mali za watu maisha yangu yote, na kwa mvi hizi zote sikuwa na dala. Iliniuma, sitaficha.

Mwaka jana nikaamua kuanzisha yangu. Habari zikamfikia Ouma, naye mzee sasa, akaja na jogoo mwekundu kwapani. "Huyu ni wa ukoo wa yule," akasema. Nikampokea, nikamgeuza palepale, nikaangalia kidole cha nyuma, mguu wa kushoto. Kilikuwa kizima.

Ouma alicheka mpaka akakohoa. "Afande, bado tu?"

Alfajiri ya kwanza katika boma langu nilikuwa macho, nimekaa kitandani, masikio wazi. Mke wangu akaniuliza nangoja nini gizani.

Nikamwambia nangoja ushahidi.