Mlango wa Rangi ya Kahawa

Nesta alizaliwa Ihanda, katikati ya mibuni. Baba yake mdogo ndiye aliyekuwa akipiga rangi magari ya ushirika, enzi zile ushirika ulipokuwa na magari. Alimfundisha kukwangua kutu hadi bati ling'ae, kuziba mashimo kwa pati kidogo kidogo, na kusugua kwa msasa na maji mpaka kiganja kipite bila kukwama. Hapo ndipo rangi hupigwa. Leo vijana wa Tunduma wanapuliza rangi juu ya kutu, gari linameta hadi litoke getini, basi. Wenye magari hawaijui tofauti, wala hawataki kuijua. Wachache waliobaki na Pijo na Land Rover za zamani hung'oa boneti na milango, wakampelekea Nesta nyumbani kwake Chapwa, ambako ametundika maturubai nyuma ya jiko kuzuia vumbi la malori.

Mumewe ni Anyitike, dereva wa malori yaendayo Zambia, mtoto wa mzee Barnaba wa Isongole. Katika ukoo wa Barnaba, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hatamki jina lake, hapiti njia aliyomo; nao husemeshana kwa mtu wa katikati tu. Wenyewe husema kumwepuka mkwe na kumwogopa ni kitu kimoja. Wengi wameshaitupa desturi hiyo; siku hizi utawakuta mtu na baba mkwe wake kwenye kochi moja wakigombea rimoti. Nesta aliishika, tena aliogopa kweli.

Mzee Barnaba hakuipenda kazi ya rangi. Mke wa mwanawe kunuka thina aliona ni aibu ya ukoo. Mwishowe akatoa hukumu mbele ya wanawe: "Nampa mlango mmoja wa Pijo yangu. Ukinipendeza, aendelee. Usiponipendeza, kompresa ya kupulizia rangi iuzwe, naye arudi kwenye jembe." Akauacha mlango Chapwa, akaendesha kurudi Isongole na gunia limefungwa mahali pake.

Ujumbe wa rangi uliletwa na Enesi, dada yake Anyitike.

"Baba anataka rangi ya kahawa," alisema. "Ameagiza kahawa kwa Mnyiha, mtoto wa mibuni! Una bahati, wifi."

"Mwambie baba nimesikia."

Nesta hakuwa na shaka. Ihanda, mtu akisema kahawa imepata rangi, anasema imeiva mtini, ichumwe. Akachanganya nyekundu ile ya tunda lililoiva, nzito, yenye giza kidogo ndani. Akaupiga mlango rangi kwa utulivu, mkono ukienda na kurudi kama mtu anayepepeta. Anyitike alikuwa ng'ambo na lori, hakuwepo wa kumuuliza neno.

Rangi ilipokwisha kushika, jirani yake Fides alikuja na kikombe mkononi.

"Mlango unapendeza jamani! Ndiyo rangi gani hiyo?"

"Kahawa."

Fides akautazama mlango. Kisha akakitazama kikombe chake. "Kahawa hii?" akauliza, akakiinamisha ili Nesta aone ndani.

Ndipo Nesta alipoelewa. Isongole watu hawaishi na mibuni. Kahawa wanayoijua imekaangwa, imesagwa, iko kikombeni. Kurudia kuuliza ni kama kumwambia mkwe kwamba hajui kusema. Kupiga rangi nyingine juu ya ile ambayo haijakomaa ni kuikunja yote kama utando wa maziwa. Na mzee alikuwa tayari njiani.

Aliposikia mngurumo wa Pijo, alikimbilia nyuma ya turubai. Enesi, aliyekuwa jikoni akimsaidia kupika, akatoka kumpokea baba yake. Mlango ulikuwa umeegemea pipa, ukingo mmoja upande wa mzee, mwingine umepenya turubai upande wake.

"Enesi," ikasema sauti ya mzee, "mwulize huyo, niliagiza rangi gani?"

Enesi akaligeukia turubai. "Baba anauliza..."

"Mwambie baba aliagiza kahawa."

"Anasema kahawa."

"Mwulize, ameona wapi kahawa nyekundu?"

"Mwambie baba, kwetu Ihanda. Mtini."

"Mwambie mimi sinywi mti!"

Enesi akaangua kicheko. "Jamani, mnasikiana vizuri kabisa! Mimi si kipaza sauti cha kanisani. Maharage yangu yanaungua." Akaingia jikoni.

Sasa hapakuwa na mtu wa katikati. Kujibu kwa kinywa chake ni matusi. Kunyamaza ni kukiri. Chini ya turubai Nesta aliona viatu vya mzee vikielekea kwenye kompresa. Fimbo ikaigonga mara moja, kama mnunuzi anavyogonga debe.

Nesta akavuta karai la maji, akachukua msasa, akaanza kuusugua ukingo wa mlango ulio upande wake, aifute rangi yote, aanze upya. Machozi yalimtoka.

Viatu vikarudi. Mzee aliweka kiganja kwenye bati, akakipitisha polepole kutoka bawaba hadi kitasa. Kisha akainama, akapapasa ukingo wa chini kabisa, mahali ambapo mafundi wa sasa hawafiki.

"Acha, Nesta! Utauharibu."

Mwiko ukanyamaza jikoni. Mzee mwenyewe akakohoa, kana kwamba sauti ile ilitoka kwa mtu mwingine.

"Nitaleta na boneti," akasema. "Nyekundu hiyohiyo."

Kompresa haikuuzwa, na Pijo yote ni nyekundu sasa. Lakini tangu siku ile mzee Barnaba haoni haja ya kumtuma mtu. Humpigia mkwewe simu mwenyewe, hata kwa jambo dogo. Watu wanasema ni maendeleo. Sawa. Simu ikiita, Nesta huweka chini bunduki ya rangi, hupiga magoti vumbini, huinamisha uso, ndipo hupokea.

"Rangi imekauka?"

"Imekauka, baba."

Kisha hukaa palepale kitambo, akiushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, kwa sababu rangi haikubali mkono unaotetemeka.