Nguo Isiyotaka Mtu Akae

Wifi yangu Nuria hawezi kuona kunyanzi akapita. Ukienda kwake kumjulia hali, kabla hajaitikia salamu ameshakunyoosha leso begani kwa kiganja chake. Hata msibani, watu wanalia, yeye anamvuta mtoto wa marehemu pembeni amlaze kola. Mimi ni dada wa mumewe, tunakaa ua mmoja tangu aolewe, na nasema wazi kwamba inachosha. Ila anayechosha zaidi ni kaka yangu Buanali, na habari ya mmoja wao siwezi kuieleza bila ya mwenzake.

Kupiga pasi Nuria alijifunza kisiwani Vamizi, huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, alikokwenda ujanani kufua nguo za wageni wanaokuja kuogelea na kutazama kasa. Huko ndiko alikojuana na kitani, nguo ambayo Wareno huiita linho. Ni nguo ya wenye nacho, nyepesi, haina joto, na inapendeza sana ikiwa imetundikwa. Ikivaliwa tu, basi, imekunjamana. Nuria alihangaika nayo mpaka akaijua tabia.

“Ina kiburi kama mwali,” husema. “Ukiikamua, inanuna. Ukiiacha juani ikakauka kau, hata uitie pasi ya moto wa jehanamu haikusikii.”

Kwa hiyo haikamui. Huitoa majini ikichuruzika, akaikung'uta, akaitundika kivulini, na huianua ingali na unyevu. Huipindua ndani nje, akaipiga pasi ya mkaa iliyoshika moto kweli, na bakuli la maji ya kunyunyizia liko karibu. Ikishanyooka hataki mtu aiguse mpaka ipoe ikiwa kwenye kiango cha nguo, maana kitani chenye joto, asema yeye, hakisahau mkono uliokishika. Kuikunja ni haramu. Ikibidi kusafirishwa, huviringwa kama mkeka. Na ikipata makunyanzi madogo, huitundika karibu na sufuria ya maji yanayochemka, ikapata mvuke, ikalegea.

Basi ilipogunduliwa ile gesi baharini, mji wetu wa Palma ukajaa wageni, na nyumba ya wageni ya pale mjini ikamwita Nuria awapigie pasi. Sijui nani aliwadanganya wale watu kwamba kwetu huvaliwa kitani. Asubuhi wanatoka wamenyooka, wanapanda gari, wanarushwa na mashimo ya barabara ya Mute kwenda na kurudi, jioni wanashuka wamekunjamana mpaka nyuso. Kisha wanamuuliza Nuria mbona pasi yake haidumu. Pasi yake! Utadhani pasi ndiyo iliyokwenda kukaa kwenye gari.

Mmoja wao akakata tamaa. Siku ya kuondoka alimwachia Nuria suti nzima ya kitani, koti na suruali, rangi ya mchanga, akamwambia, “Chukua, mimi imenishinda.” Nuria akaileta nyumbani. Laiti angeitupa baharini.

Maana wakati huohuo tulikuwa na letu. Kijiji chetu kiko ufukoni, na watu wa gesi walikuwa wamekuja kutuambia kwamba mahali hapa panatakiwa kwa kazi. Tungejengewa nyumba mpya za matofali, za mabati, zenye milango ya vitasa, lakini bara, mbali. Nawauliza, huko bara pweza yuko wapi? Sisi wanawake maji yakipwa tunashuka mwambani na vijiti vyetu, tunarudi na kitoweo. Nyumba ya matofali hailiwi. Mama yangu kazikwa hapa, na minazi anayoila Buanali aliipanda baba. Wengi wetu hatukutaka kuhama, na tulikuwa na hofu kwamba tukikosea neno moja tu mbele ya wale watu, tumekwisha.

Siku ya mkutano ilipotangazwa, wako waliosema tusiende. Buanali akawaambia, “Usikatae wito, kataa neno.” Wakampenda kwa maneno hayo, wakamchagua yeye atusemee, kwa sababu ana sauti na Kireno chake si kibaya. Tukapatana hivi: Buanali akitoka mbele kusema, sote tusimame nyuma yake, wageni waone kwamba hasemi peke yake. Lilikuwa wazo zuri. Kama kaka yangu angekwenda na msuli wake na kofia yake, habari hii isingekuwapo.

Lakini hapana. Aliiona ile suti.

“Mama Saide, ninyooshee lile fato,” alimwambia mkewe.

“Baba Saide, nguo ya kuazima haisitiri makalio.”

“Sijaazima. Umepewa wewe, na wewe ni wangu. Nikienda na msuli wataniona mvuvi tu.”

“Kwani wewe ni nani?” nikamuuliza mimi. Akanitazama kama hanijui.

Nuria akatwaa pasi. Nilimwambia amwache, akasema mume akiaibika mbele ya watu, wa kusemwa ni mke. Asubuhi nzima alikuwa juu ya ile suti, jasho linamtoka, anapuliza makaa, ananyunyiza, anapindua, anagombeza watoto wasipite na vumbi lao. Ilipokuwa kwenye kiango ilikuwa imenyooka kama maji ya kisimani, na mstari wa pasi wa suruali ungeweza kukatia samaki. Akasubiri ipoe. Kisha akampa mumewe wasia, kidole hewani.

“Sikiliza, Baba Saide. Hii ukiinama, inakunjamana. Ukiegemea, inakunjamana. Na ukikaa, kazi yangu yote imekwisha. Usikae!”

Mtu ameoa miaka yote hiyo, neno la mkewe hajapata kulisikia hata moja, siku hiyo ndiyo akaamua kutii. Aliswali adhuhuri na msuli, akaivaa suti baadaye. Chai akainywa wima. Wali akaula wima, mimi nimemshikia sahani, mikono ameikunjua mbali na mwili kama kaa. Njiani hakuruka hata kidimbwi, alikizunguka. Watoto wakamfuata wakicheka, naye akadhani wanamshangilia.

Watu wa gesi walikuwa wamefunga turubai kubwa, wakapanga viti vya plastiki, na nyuma wakaweka jenereta la kuendeshea vipaza sauti. Jenereta lilinguruma hata waliokaa nyuma wakawa wanasikia jenereta tu. Mbele aliketi bibi mmoja mkubwa wao, na pembeni yake mkalimani, kijana mwenye adabu aitwaye Gaspar, mtu wa nyanda za juu za Mueda.

“Mzee, karibu kiti,” Gaspar alimwambia Buanali.

“Asante, mwanangu, niko vizuri hivi hivi.”

Bibi mkubwa mwenyewe akamsogezea kiti. Buanali akaweka mkono kifuani, akashukuru kwa Kireno, akabaki wima pembeni pale kama nguzo ya turubai. Nikamwona Nuria, aliyeketi nami mstari wa mbele upande wa wanawake, anatabasamu kidogo. Alikuwa akiutazama mgongo wa lile koti. Haukuwa na kunyanzi hata moja, masikini, na mimi nilikuwa nataka kulia kwa hasira.

Bibi akasema mengi. Gaspar akatafsiri mengi. Nyumba, shule, kisima, zahanati. Kisha bibi akasema jambo fupi, na Gaspar akainua kipaza sauti.

“Ndugu zangu, sasa tunataka kujua mawazo yenu. Wanaokubali kuhamia bara, wasimame. Wanaotaka kukaa, wakae.”

Buanali alichosikia ni kwamba wanataka mawazo. Akaona wakati wake umefika. Akainua mkono, akatoka mbele, akakohoa, akasafisha koo. Na watu nyuma, ambao hawakusikia kitu kwa sababu ya jenereta, wakamwona Buanali katoka mbele. Wakakumbuka mapatano yetu. Wakasimama. Wazee wakasimama na bakora zao, wanawake wakasimama na watoto mgongoni, wote, kijiji kizima, kwa heshima na umoja, tukakubali kuhama.

Bibi mkubwa akatabasamu. Kijana mmoja wao akatoa kamera.

Mimi nilikuwa nimekwisha nyanyuka nusu, Mungu anisamehe, ndipo nikahisi Nuria amenipita. Alimrukia mumewe kwa nyuma, akakamata lile koti kwa mikono miwili, palepale mgongoni alipopanyoosha asubuhi, akalivuta kwa nguvu zake zote.

“Kaa!”

“Fato, Mama Saide! Fato!”

“Kaa chini, mwanamume wewe! Kaa!”

Kiti hakikuwapo karibu. Kaka yangu akaketi mchangani, pu, na Nuria akaketi juu ya pindo la koti ili asiinuke tena. Akageukia watu, akapaza sauti kuliko jenereta. “Kaeni! Anayesimama anahama! Kaeni!”

Mstari wa kwanza ukakaa. Wa pili ukautazama wa kwanza, ukakaa. Viti vikalia huku na huko mpaka nyuma kabisa, na waliokosa viti wakakaa chini kama Buanali. Kijana wa kamera akaishusha.

Bibi mkubwa akamnong'oneza Gaspar. Gaspar alikuwa anatoka jasho.

“Mama,” akamwuliza Nuria, “samahani, Senhora anauliza, mnataka nini?”

“Mwanangu, si umesema mwenyewe?” Nuria akamjibu kutoka pale mchangani. “Tunakaa.”

Gaspar akafungua mdomo kutafsiri, akasita. Nilimwona akitafuta neno la Kireno, maana kwa Wareno kukaa kwenye kiti ni neno moja na kukaa nyumbani kwako ni jingine. Mwishowe akayasema yote mawili. Bibi akafunga faili lake, akasema watarudi siku nyingine, wazungumze upya.

Mtadhani tulirudi nyumbani kwa furaha. Kaka yangu alinuna njia nzima. Hotuba yake hakuisema, suti imejaa mchanga, makunyanzi mgongoni kama ngozi ya kobe. “Umeniaibisha mbele ya watu,” alimwambia mkewe, na mimi nikamwambia anyamaze kabla sijampiga na kiatu. Nuria aliichukua ile suti, akaikung'uta mchanga. Nikangoja aiweke majini. Hakuiweka. Akaikunja, yeye aliyeharamisha kukunja, tena akaibonyeza kwa goti, akaitia sandukuni chini ya vitenge.

Baadaye habari zikaja kwamba watu wa gesi wanarudi. Hofu nayo ikarudi, maana tulijua safari hii hawatauliza kwa kusimama na kukaa. Buanali akaitaka suti yake. Nuria akaitoa sandukuni. Mnaijua nguo iliyotafunwa na mbuzi? Basi hiyo ya mbuzi ilikuwa na nafuu.

“Mama Saide, tia mkaa kwenye pasi.”

“Sitii.”

“Niende hivi? Mke wa mpiga pasi... mume wa mpiga pasi, niende hivi?” Alikuwa anachanganyikiwa kwa hasira.

Nuria akamvisha koti mwenyewe. Akafunga vifungo. Niliuona mkono wake ukinyanyuka kwenda begani kumnyoosha, kama kawaida yake, nao ukasita hewani, ukarudi chini.

“Nenda hivyohivyo,” akamwambia. “Wakikutazama, wajue ulikaa.”

Kaka yangu akaenda. Turubai lilikuwa halijaisha kufungwa alipofika. Akachukua kiti, akakiweka mbele kabisa, akakaa.