Salfa Iliyobaki Stoo

Habibu anaamini uchaguzi huamuliwa na mahali alipozaliwa mgombea. Chama chake cha upinzani kilipomteua mgombea mwenza wa urais, mwanamke mzaliwa wa Nachingwea, aliacha kila kitu, hata mikorosho ambayo si yake.

Habibu ni mtu wa Nkowe, Ruangwa, aliyehamia Lionja, Nachingwea, kwa mkewe, Saada. Katika ukoo wa Saada shamba hufuata upande wa mama. Kazi ya mume ni kulitunza. Asipolitunza, hana kinachomweka pale.

Mwaka ule salfa, dawa ya unga ya mikorosho, ilifika mapema. Mikorosho ilipotoa maua, wanaume waliamka alfajiri kuipulizia kabla umande haujakauka, maana ua kavu halishiki dawa. Saa hizo Habibu alikuwa barabarani kwenye kampeni, bendera kwenye usukani wa baiskeli. Mifuko yake ilibaki stoo.

"Shemeji, ubwiriunga umeingia," alisema Ismaily, kaka yake Saada, akimrushia tawi lenye maua yaliyofunikwa ukungu mweupe.

"Tukiingia Ikulu, salfa utaogea."

"Wenzako wameshapuliza. Wanaona korosho zinakuja. Nani atataka mabadiliko?"

"Damu haiikatai damu."

"Damu ya nani? Wewe mtu wa Nkowe!"

Oktoba matokeo yalibandikwa ukutani. Tiketi ya Habibu ilishindwa hata hapo Lionja.

"Wasaliti!" alifoka mbele ya ukuta. "Mmemuuza dada yenu kwa salfa!"

Fatu, jirani yao, alitua ndoo yake ya korosho. "Mwaka wa njaa ningempa kura. Mwaka huu nimgeukie kwa lipi? Nenda kaokote zako, kama zipo."

Watu walicheka. Zake hazikuwapo.

Nyumbani alikuta baiskeli yake nje, begi la nguo limefungwa nyuma.

"Ismaily atapuliza msimu ujao," alisema Saada.

"Unanifukuza kwa sababu ya siasa?"

"Siasa ni zako. Mikorosho ni ya mama yangu."

Habibu sasa anaishi Nkowe. Ukimuuliza kwa nini aliondoka Lionja, hataji salfa. Anasema walimkataa kwa sababu si mzaliwa wa kule.